Mlangamia wa Mti Gani?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wengi wetu hulijibu upesi kabla hatujalipima. Mtu akimpa mwenzake dawa kwa moyo safi, bila ya tamaa ya fedha wala nia ya kudhuru, kisha dawa ile ikamdhuru mgonjwa, je, mtoaji ana lawama? Wengi watasema: "La, hana lawama. Nia yake ilikuwa njema, na kila amali huhesabiwa kwa nia." Maneno haya ni matamu masikioni. Lakini tukiyaacha yapite hivi hivi, twaweza kuufungulia ujinga mlango uingie majumbani mwetu hali umevaa kanzu ya wema.

Ili tulipime swali hili tusiende mbali. Tutazame mmea mmoja ambao kila aliyekulia upande huu wa pwani ameuona, hata kama hakuuliza jina lake.

Ukitoka Tanga kwa njia ya Muheza ukaelekea Korogwe, ukapita mashamba ya mkonge na milima ya Usambara ikiwa upande wako wa kulia, kisha ukakata kusini kwenda Handeni, angalia nyua za nyumba na vichaka vya kando ya njia. Hapa na pale utaona nyuzi nyembamba za manjano au za kijani hafifu, zimesokotana juu ya mti kama tambi zilizomwagwa juu ya sahani. Hazina majani ya kuonekana. Ukizifuata kwa mkono mpaka chini, hukuti mzizi. Huo ndio mlangamia.

Mlangamia hauanzi maisha yake hewani. Mbegu yake huanguka chini, huota kama mbegu nyingine, hutoa kimzizi kidogo na ncha nyembamba ambayo huzunguka ikitafuta pa kushika. Ikikosa mti, mche hufa. Ikiupata, hujiviringisha na kutoa vifundo vidogo mithili ya midomo, na vifundo hivyo hutoboa gome mpaka kwenye mishipa ya mti, vikanyonya maji na chakula. Hapo kimzizi cha chini hunyauka na kukatika. Tangu siku hiyo mlangamia hauna ardhi yake. Ardhi yake ni mti wa mwenzake. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walionyesha jambo la ajabu: mche wa aina moja ya mlangamia, ukiwekwa baina ya mnyanya na ngano, huuelekea mnyanya, kwa kuwa hufuata harufu yake. Ametukuka Muumba aliyekipa kiumbe kisicho na jicho wala pua njia ya kuifikia riziki yake.

JINA MOJA, MIMEA MIWILI

Sasa zingatia jambo hili. Jina la mlangamia twalitumia kwa mimea miwili isiyo ya ukoo mmoja. Mmoja wataalamu huuita Cassytha filiformis, nao ni jamaa ya mdalasini na mparachichi. Wa pili ni wa jamii ya Cuscuta, nao ukoo wake ni wa kiazi kitamu. Kwa macho mimea hii yafanana kama pacha. Kwa asili iko mbali kama mdalasini ulivyo mbali na kiazi. Anayesema "nimechuma mlangamia" hajatwambia bado amechuma nini.

Wala asije mtu akaudharau mmea huu kwa kuwa waishi kwa kunyonya. Matabibu wa Kiislamu wa zamani walikuwa na dawa waliyoiita aftimuni, nayo ni aina moja ya Cuscuta. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja katika kitabu chake cha Al-Qanun, na matabibu waliitumia kwa maradhi waliyoyahesabu kuwa yatokana na sauda, yaani huzuni nzito na fikra zilizochafuka. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakizungumza juu ya balghamu, safura na sauda walikuwa warithi wa elimu hiyo, ijapokuwa wengi wao hawakuona kitabu chenyewe. Huko India mmea wa namna hii huitwa amarbel, maana yake mtambazi usiokufa, na watu wameutumia kwa ugonjwa wa macho ya manjano. Wachina hutumia mbegu zake. Ama ule wa ukoo wa mdalasini, katika nchi nyingi za joto umetumiwa kuoshea nywele, kuua chawa, na kwa maradhi ya mkojo.

Na wataalamu wa siku hizi nao hawakuupuuza. Mwaka 2004 watafiti wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi wa Cassytha filiformis, mmea ambao huko Benin watu huutumia kwa dawa. Walipata ndani yake vitu vinavyoua, katika chupa za maabara, kijidudu cha jamii ile iletayo malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Wazee wa Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa nagana ni nini. Mbung'o aliwamalizia mifugo yao vizazi kwa vizazi. Basi katika nyuzi zile za manjano mna kitu, wala si hadithi za bibi tu.

Lakini watafiti wale wale walieleza jambo la pili, na hili ndilo ambalo muuzaji wa dawa sokoni hatakwambia. Vitu vile vile vilivyoua kijidudu viliua na chembe hai nyingine, kwa kuwa hushikana na ile asili ya uhai iliyomo ndani ya kila chembe. Upanga hauulizi shingo ni ya nani. Ndiyo maana kinachofaa katika chupa hakijawa dawa bado. Kinakuwa dawa pale itakapojulikana ni kiasi gani kitamuua mdudu na kumwacha mtu.

MLANGAMIA HUCHUKUA CHA MWENYEJI WAKE

Na kuna jambo la tatu lililo zito zaidi. Kwa kuwa mlangamia hunywa kutoka katika mishipa ya mti mwingine, haunywi maji na sukari peke yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ujerumani waliutazama mlangamia uliootea juu ya mimea ya lupini, ambayo ni ya jamaa ya kunde na yenye uchungu wa sumu. Wakauona uchungu ule ule umo ndani ya mlangamia. Haukuutengeneza wenyewe, uliunyonya.

Sasa fikiri nasi. Nyua zetu zimepandwa miti ya kila namna. Uko mlimau na mwarobaini. Uko mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni waweza kupofua. Na uko ule mti wa maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, ambao watu waupenda kwa uzuri wake, na ambao mbegu zake na utomvu wake vina sumu ya moyo. Huko Sri Lanka watu wengi wamekufa kwa kula mbegu zake. Miti hii yote hupandwa kuwa ua, na mlangamia hauchagui ua kwa uzuri. Fungu la mlangamia lililochumwa juu ya mlimau na fungu lililochumwa juu ya mti wenye sumu, ukiyaweka katika ungo mmoja, hakuna jicho litakaloyatofautisha. Yatakuwa ya rangi moja na unene mmoja, wala harufu yake haitakuonyesha lipi ni lipi. Lakini moja limenyonya kwa mwenyeji huyu, na jingine kwa yule.

Basi swali la kwanza la mwenye elimu ya mmea huu ni hili: mlangamia wa mti gani? Anayeuliza hivyo amejua anachokishika. Asiyeuliza ameshika nyuzi tu.

NIA NA DHAMANA

Hapa tulirudie swali letu. Tuseme kuna mama mmoja kijijini ambaye mwanawe ameamka na macho ya manjano. Jirani yake ni mwanamke mwema anayemcha Mungu. Anasikia, anaingiwa na huruma, anakwenda kwenye ua wa njiani, anachuma fungu la mlangamia, analitwanga, analichemsha na kulileta. Hataki hata senti moja. Aliona shangazi yake akifanya hivyo zamani. Mtoto ananywa, na usiku hali yake yazidi kuwa mbaya.

Je, nia ya jirani huyu ilikuwa mbaya? Hasha. Je, mtoto amesalimika kwa sababu ya wema wa nia ile? Hasha pia. Sumu haisomi nia iliyomo moyoni mwa aliyeileta.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Lakini ni yeye yeye aliyetufundisha, kama ilivyopokewa katika vitabu vya Sunan, kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo ni mwenye kudhamini, yaani madhara yatakayotokea yako juu yake. Hapana mgongano hata kidogo baina ya mafundisho haya mawili. La kwanza latueleza vipi Mwenyezi Mungu ataupima moyo wa mtu. La pili latueleza haki ya mgonjwa. Moyo wangu ni baina yangu na Mola wangu, lakini mwili wa mtoto wa jirani si wangu, na kuuchezea ni kuchezea amana.

Wanazuoni wa fiqhi wamepambanua vizuri. Tabibu aliyejifunza, akapewa idhini, akafuata kanuni za kazi yake, kisha kadari ikapita, hadaiwi yaliyotokea. Ama yule asiyejua, akawafanya watu wamdhanie kuwa ajua, huyo hudaiwa. Sisi watu wa bahari twalijua jambo hili hata bila ya kitabu. Rubani aliyesoma miamba na mikondo akapigwa na tufani, watu humpa pole. Lakini mtu ambaye hakupata kulipitia lango la bandari, akaushika usukani kwa kuwaonea huruma abiria waliochelewa, akapandisha chombo mwambani, nani atamwambia, "Hapana neno, nia yako ilikuwa njema"? Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Ni kweli kwa msafiri anayepotea kwa miguu yake mwenyewe. Katika dawa anayepotea ni mmoja, na anayejua njia baadaye ni mwingine.

Na sisi twasema zaidi ya hapo. Nia njema iliyo kamili haiwezi kukaa bila ya kuuliza. Ukimpenda mtu kweli, utataka kujua unachomtia kinywani. Ile iliyomtoa jirani yetu mlangoni kwake ilikuwa huruma, na huruma ni jambo jema; lakini huruma ni mbegu tu. Inakuwa nia njema pale inapouliza, inapochunguza, na pale inaposema bila ya haya, "Hili silijui, twende kwa anayelijua."

WATAKAOPINGA

Najua kuna watakaopinga, na yafaa tuwasikilize, maana hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza atasema: "Wazee wetu wametumia miti shamba miaka na miaka, nao waliishi. Maabara zilikuwa wapi?" Twajibu: kutumika kwa muda mrefu ni ushahidi, wala hatuukatai. Mmea uuao kwa siku moja hauwezi kudumu kuwa dawa katika mji wowote. Lakini ushahidi huu una upofu wake. Huona madhara ya haraka, na hauoni madhara yajayo polepole. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, walieleza habari za wanawake ambao figo zao zilikufa baada ya kutumia vidonge vya miti shamba vya kupunguza unene. Baadaye idadi ya wagonjwa hao ilipita 100, na wengine wao walipata saratani ya njia ya mkojo. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yakaribiana. Na huo ulioleta balaa ulikuwa nao ni dawa ya miaka mingi. Aliyeunywa hakuanguka siku ile. Figo ziliharibika kidogo kidogo, na nani angekumbuka kidonge cha mwaka uliopita? Jina moja, mimea miwili: ndilo lile lile tuliloliona kwa mlangamia wetu.

Wa pili atasema: "Haya ni maneno ya watu wa mjini. Kijijini hospitali iko mbali na mganga yuko karibu. Maskini afanye nini?" Hoja hii ina uchungu wa kweli. Lakini tuitazame vizuri. Umaskini wa mgonjwa haupunguzi amana ya mtoaji wa dawa; waizidisha. Tajiri akipewa kitu kibaya ana daktari wa pili na wa tatu. Maskini hana isipokuwa aliyemwamini. Kumpa asiye na njia nyingine kitu usichokijua ni kumdhulumu mara mbili.

Na ni Korogwe hiyo hiyo iliyotoa mfano wa namna ya kuwatendea watu wa vijijini kwa heshima. Tangu mwaka 2009 mpaka 2014 Korogwe, pamoja na Bagamoyo, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto zaidi ya 15,000 waliingia katika jaribio hilo. Kazi ya kuitafuta chanjo hiyo ilianza mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani halikuiidhinisha itumiwe kwa wingi mpaka Oktoba 2021. Hesabu miaka hiyo, msomaji. Wazazi waliombwa idhini, watoto walifuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na mwisho watu wakaambiwa ukweli: kwa watoto wa umri wa miezi 5 mpaka 17 waliopata dozi nne, chanjo ilipunguza malaria kwa kiasi cha 36 katika kila 100 kwa muda wa miaka kama minne. Hawakusema yaponya yote. Walisema yasaidia kiasi hiki. Huo ndio uaminifu: kutaja kipimo cha faida, na kutaja kipimo cha upungufu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Asidhani mtu kwamba twaitukuza sindano ili tuudhalilishe mti. Mti nao, ukiulizwa kwa uaminifu, hujibu. Bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa katika karne ya 4, juu ya mmea wa kutibu homa. Jina la mmea ule kwa Kichina lilibeba mimea zaidi ya mmoja, ikabidi atafute ni upi hasa. Akakuta dawa iko majani, na kwamba moto mwingi wa kuchemsha waiharibu. Na mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe. Kutokana na kazi hiyo imepatikana ile dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati zetu, na mwaka 2015 bibi huyo alipewa tuzo ya Nobel. Tazama tofauti yake na jirani wa mfano wetu. Wote wawili walikuwa na huruma, wote walipokea elimu ya wazee. Mmoja aliuliza mmea upi, sehemu ipi, moto kiasi gani, na sumu yake akaitanguliza mwilini mwake. Mwingine hakuuliza.

Wa tatu atakayepinga ni mganga mwenyewe. Atasema: "Dawa yangu ni siri ya ukoo. Nikisema ni mti gani, nitabaki na nini?" Siri ni mali, na mali ya mtu yaheshimiwa. Tangu mwaka 1974 Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba asilia, na sheria ya Tanzania Na. 23 ya mwaka 2002 iliweka baraza la kuwasajili waganga wa tiba asili na tiba mbadala. Mkoani Tanga penyewe, tangu miaka ya 1990, waganga na madaktari wamekaa pamoja kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, na hapana aliyenyang'anywa uganga wake. Siri ifichwe kwa mshindani. Lakini siri inayomfanya mama mjamzito anywe kitu asichokijua haiwi mali tena, imekuwa pazia. Na mgonjwa akifikishwa hospitali usiku, daktari akauliza, "Amekunywa nini?", jibu la "dawa ya kienyeji" halimwokoi mtu.

Na ili tusimwonee mganga peke yake, tuseme na wasomi. Yuko msomi anayekwenda kijijini na daftari, akakaa na mzee siku tatu, akanyonya elimu aliyoikusanya kwa miaka sitini, akaondoka, akaandika kitabu, na jina la mzee halimo, wala kijiji hakikurudishiwa hata nakala moja. Huyo naye kimzizi chake kimekatika ardhini, na amejiviringisha juu ya mti wa mwenzake. Kila elimu hunyonya pahali, na hilo si aibu. Sote tumenyonya kwa waliotutangulia. Aibu ni kumficha uliyemnyonya.

YATUPASAYO MAJUMBANI

Basi, ndugu msomaji, nyumbani kwako ufanye nini?

Kwanza, usione haya kuuliza. Ukiletewa dawa ya majani, uliza ni mmea gani, umechumwa wapi, na mwenye kuileta amejifunza kwa nani. Ikiwa ni mlangamia, uliza: wa mti gani? Akikasirika kwa swali hilo, hasira yake imekwisha kukujibu. Mganga mwenye elimu hufurahi kuulizwa.

Pili, mtoto mwenye homa au macho ya manjano, mama mwenye mimba, na mzee mwenye figo dhaifu, hawa si watu wa kujaribiwa. Wapelekwe kupimwa kwanza. Homa ya mtoto haingoji mpaka tumalize chupa ya jirani.

Tatu, ukiwa wewe ndiwe mtoaji, jiulize kabla ya kunyoosha mkono: hili ninalijua, au nimelisikia? Ukikuta umelisikia tu, basi sadaka yako siku hiyo iwe nauli ya mgonjwa, au kumbebea mtoto, au kumlindia mama huyo nyumba mpaka arudi. Huo pia ni uganga, na hauna sumu.

Nne, tusijifiche nyuma ya neno tawakali. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kunywa usichokijua kisha ukasema "Mungu ndiye mponyaji" ni kuacha kamba chini na kumlaumu ngamia kwa kwenda zake. Ni kweli kwamba kila maradhi yameteremshwa na dawa yake. Lakini dawa hiyo haikuandikwa juu ya kila jani tulionalo. Tumepewa akili ili tuitafute.

Mlangamia hauna dhambi. Umeumbwa hivyo, nao wamtukuza Mola wake kwa namna yake, juu ya mlimau au juu ya mti wa sumu. Haukupewa hiari ya kumjua anayekuja kuuchuma wala atakayeunywa. Sisi tumepewa hiari hiyo, na kwa hiyo sisi ndio tutakaoulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awazidishie elimu matabibu na waganga wetu, na atujaalie kuwa watu ambao huruma yao haitangulii kuuliza kwao. Amin.